Lebo ya Ua Kavu ni Ushahidi

Jangwa la Mojave, Marekani, huweza kupitisha miaka kadhaa bila maua ya maana. Kisha mvua hunyesha, na mabonde hugeuka manjano, kama ilivyokuwa Death Valley mwaka 2016.

Ndiyo maana tunapinga ardhi hiyo kuhukumiwa kwa ukaguzi wa msimu mmoja pale mashamba ya umeme wa jua yanapoombewa kibali. Mbegu hulala mchangani zikisubiri mvua. Mkaguzi anayefika wakati wa ukame ataandika kwamba hapana mmea, na atakuwa amepotosha. Ushahidi umo ndani ya hebaria, yaani hifadhi ya mimea mikavu: mmea uliokaushwa, ukabandikwa kwenye karatasi yenye lebo inayotaja mkusanyaji, tarehe na mahali.

Mahali hasa! Lebo ya kale isemayo "Jangwa la Mojave" tu haisaidii, kwani jangwa hilo linavuka California hadi Nevada. Kinyume chake, mwanabotania Mary DeDecker, mwaka 1975, alikuta kichaka kipya kwa sayansi kwenye korongo la milima ya Last Chance, California. Korongo hilo linajulikana, hivyo mtu anaweza kurudi kukiangalia.

Inasikitisha kwamba mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Duke kilitangaza kuifunga hebaria yake yenye sampuli zipatazo 825,000. Vyuo vya California visiige mfano huo. Vipewe fedha za kuweka lebo zote kwenye kompyuta, huku latitudo na longitudo za mimea adimu zikifichwa dhidi ya wezi wa mimea.