Kompyuta si Pambo: Mpe Kila Mtu Inayomfaa



Leo sina maneno matamu. Kuna jambo linanikera, na naliona nyumba hadi nyumba, mjini na shamba, Unguja na Pemba. Familia inajinyima miezi, upatu unatoka, au mjomba aliyeko Maskati anatuma chochote, kinanunuliwa kompyuta. Inanunuliwa moja tu, ya bei kubwa, na inakwenda kwa kijana wa kiume. Ile ya zamani, ambayo betri yake haikai hata dakika kumi na herufi zake zimefutika, anateremshiwa dada yake anayesoma chuo. Mama anayepokea oda za keki na maandazi ya harusi anabaki na simu ya kioo kilichopasuka na daftari lake la mistari. Bibi ndiyo kabisa, huambiwa, "Wewe utaifanyia nini?"

Ukiuliza, unajibiwa kwamba kijana "anasoma mambo ya kompyuta". Ukichungulia saa nne usiku, anacheza mpira wa kwenye kioo.

Nasema wazi: hiyo si hesabu ya nyumba, ni mazoea. Na mazoea hayo yanatutia hasara mara mbili. Fedha zinakwenda kwa asiyezihitaji sana, na anayezihitaji anakwama. Binti yetu anaandika utafiti wake wa mwisho kwa kuazima kompyuta ya mwanafunzi mwenzake, au anakaa kwenye duka la intaneti mpaka giza linaingia, halafu nyumbani anaulizwa alikuwa wapi. Tumemnyima kifaa, kisha tunamlaumu kwa kukitafuta.

Uadilifu si kila mtu kupata sawa

Wengi tumesikia darasani habari ya Nu'man bin Bashir. Baba yake alimpa zawadi, akaenda kwa Mtume (SAW) kutaka ushahidi wake. Mtume akamuuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wa hiyo. Aliposema hapana, Mtume hakukubali kuwa shahidi wake. Habari hii tunaipenda inapohusu kiwanja au nyumba. Ikifika kwenye laptopu, tunaisahau.

Hapo atatokea mtu aseme, "Haya, basi tuwanunulie wote sawasawa." Hapana, shoga yangu. Masheikh wetu wametufundisha tofauti ya zawadi na matumizi ya lazima. Zawadi hulinganishwa. Matumizi ya lazima humfuata mtu na haja yake. Kompyuta ya masomo ni kama sare ya skuli: humshonei mtoto wa miaka saba kipimo cha kaka yake wa miaka kumi na saba, ukasema umefanya uadilifu. Umepoteza kitambaa tu, na mtoto hawezi kutembea.

Nani anafanya nini?

Swali la kwanza si "bei gani?" wala "ni i ngapi?" Swali la kwanza ni: huyu mtu anafanya kazi gani, wapi, na kwa saa ngapi? Tuwapitie mmoja mmoja.

Binti wa chuo anaandika, anasoma vitabu vya kwenye kompyuta, anatayarisha mawasilisho, na anaibeba kwenye daladala. Anataka laptopu nyepesi, kibodi isiyoumiza vidole na betri inayokaa. RAM iwe 8GB, na hifadhi iwe ya SSD, siyo ile diski ya kuzunguka. Vyote hivyo anavipata kwenye laptopu ya mtumba iliyotoka maofisini, kama ThinkPad, Latitude au EliteBook. Mashirika ya nje huziondoa kwa pamoja baada ya miaka michache, zikiwa bado zina nguvu. Zimetengenezwa kwa watu wanaopiga chapa kutwa nzima, na fundi anaweza kuzifungua na kuzibadilisha vifaa.

Mama wa biashara anahitaji jedwali la oda, hesabu za unga na mayai, risiti na picha za kazi zake. LibreOffice inamtosha kwa hayo yote, na haiuzwi, ni bure. Hapa watu humshauri kompyuta ya mezani kwa sababu bei yake ni ndogo. Ni kweli kwa nguvu ile ile ya mezani huwa rahisi zaidi. Lakini sisi ni watu wa kisiwani. Hatujasahau Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja nzima ilipokaa gizani miezi mitatu. Hata leo umeme hukatika katikati ya kazi. Ya mezani ikikatikiwa huzima hapo hapo, na hesabu ambayo hujaihifadhi inakwenda nayo. Utalazimika kununua UPS, na ukiijumlisha, ule urahisi umepungua. Laptopu ina betri yake ndani, na inakula uniti chache zaidi.

Mtoto wa skuli ya msingi hahitaji ya peke yake. Atumie ya mama, ukumbini, kioo kikiwa kinaonekana na watu wote. Hapo umeokoa fedha na umemlinda mtoto kwa pamoja.

Bibi hataki kompyuta kabisa, na hili tumwamini. Anataka kuwaona wajukuu walioko Maskati bila ya kukodoa macho, na kusoma msahafu kwa herufi kubwa. Mpe kishikwambi cha kawaida, umkuzie maandishi na umpandishie sauti. Na tuache kusema "utakifanyia nini". Aliyewalea wote hao ndiye wa mwisho kuwaona?

Na kijana? Kama anahariri video, au anachora ramani za majumba, haja yake ni ya kweli, apewe mashine yenye nguvu. Dada yake akisoma fani hiyo hiyo, naye apewe hiyo hiyo bila ya maneno. Lakini anayeanza kujifunza kuandika programu hahitaji mashine ya gharama kubwa. Anahitaji kukaa kitako asome.

"Hii i7, dada"

Ukiingia dukani, neno la kwanza utakalosikia ni hilo, na sisi tunalipia neno. Sikilizeni vizuri. Tarakimu ya i3, i5 au i7 haikwambii mashine ni ya lini. Umri wake umo kwenye namba inayofuata. Ukiona i5-8250U, ile 8 ni kizazi cha nane. Ukiona i7-2620M, hicho ni kizazi cha pili, cha mwaka 2011, na i3 ya kizazi cha kumi na moja inaiacha mbali. Kwa hiyo anayelipia "i7" bila ya kutazama kizazi amenunua jina.

Na kizazi hicho sasa kina uzito mwengine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 nayo, kwa mashine za Intel, inataka kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache sana, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine zisizofikia hapo hazijafa. Unaweza kuzitia Linux Mint, ambayo ni bure, na zikaandika na kufungua mitandao kama kawaida. Lakini hilo ulijue kabla ya kutoa fedha, na bei ishuke kwa sababu hiyo. Usiuziwe ya mwaka 2012 kwa bei ya 2019.

Usitazame stika, maana stika hubandikwa. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika dxdiag, kisha bonyeza Enter. Utaletewa aina ya prosesa na ukubwa wa RAM. Halafu vuta kiti ukae. Chomoa chaji uone betri inashukaje. Gusa kila herufi ya kibodi. Washa kamera, unganisha na intaneti ya simu yako, fungua na funga kioo uone kama bawaba zimelegea. Muombe muuzaji akuandikie dhamana kwenye karatasi, na siku zake zitajwe. Akikasirika kwa kukaguliwa, nenda duka la pili. Kitambaa cha dera unakikagua mpaka mshono wa ndani, sembuse hii?

"Rahisi ni ghali"

Najua methali hii itarushwa, na mimi sikubaliani nayo hapa. Kilicho ghali ni kile kisichomfaa mtu wake, hata kiwe na bei gani. Laptopu ya gemu ni nzito, betri yake huisha upesi, na ukimpa binti wa chuo ataiacha nyumbani. Hiyo ndiyo ghali. Hata kipya cha bei ndogo kinaweza kuwa ghali: kuna laptopu mpya nyembamba zenye hifadhi ya 64GB tu, na RAM iliyogandishwa kwenye ubao isiyoongezeka. Windows yenyewe inakula sehemu kubwa ya nafasi hiyo, na baada ya muda mfupi mashine inagoma. Mtumba mzuri wa ofisini utaongezewa RAM na SSD, na utaendelea.

Wengine husema, "Bora kununua kubwa kabisa ikae miaka mingi." Kompyuta si bangili ya dhahabu. Bangili unaiweka na thamani inapanda, kompyuta inashuka kila mwaka uwe umeitumia au hukuitumia. Nguvu ambayo leo huna kazi nayo, usiilipie leo. Na kubwa kuliko yote, usiikopee. Kuingia kwenye mkopo wa riba ili sebule ionekane ya kisasa ni israfu juu ya dhambi, na marejesho yake yatakatwa kwenye chakula cha watoto.

Na kuna wanaosema simu inatosha. Kwa ujumbe, ndiyo. Muulize binti aliyeandika kurasa arubaini kwa kidole gumba, akapanga majedwali kwenye kioo cha kiganja, atakwambia. Wanaosema simu inamtosha dada mara nyingi ndio hao hao wasiokubali imtoshe kaka.

Kabla upatu haujatoka

Kaeni kitako nyumba nzima. Chukueni karatasi, andikeni majina yote, na mbele ya kila jina andikeni kazi anayoifanya, siyo anayoitamani. Kisha gawanyeni fedha kwa kufuata karatasi hiyo. Mtashangaa. Mara nyingi bei ya ile moja ya kifahari inanunua mbili nzuri za mtumba, na pengine kinabaki cha kishikwambi cha bibi.

Na wewe mama, jina lako liandike la mwanzo. Usijiruke. Oda zako za keki ndizo zilizolipia ule upatu. Huwezi kuwa wewe ndiye unayelipa ada, unayelipia bando na unayelipia umeme, halafu ukaomba ruhusa kwa mwanao utumie kompyuta dakika tano "akimaliza".

Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, na atujaalie kuigawa kwa haki ndani ya nyumba zetu. Aamin.