Msinifanye Ushahidi Dhidi ya Hesabu

Kila nikirudi nyumbani Nyamira, lazima mtu anipongeze kwa kuacha chuo. Mara ya mwisho alikuwa kijana wa bodaboda pale Keroka. "Wewe ulikuwa mjanja," aliniambia. "Hiyo hesabu ingekusaidia wapi? Ungeipika?" Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, maana tulikuwa bado hatujaelewana nauli.

Hesabu aliyoisema ni ile vitabu huita milinganyo tofautishi. Sisi makomredi tuliiita difrensho. Nilianguka mtihani wake mara mbili. Mara ya tatu pesa za kurudia zikakosekana, nikafunga virago. Hadithi yangu inapendwa sana, hasa na watu waliosoma mpaka mwisho na hawajapata kazi. Huitumia kuthibitisha kwamba chuo ni kupoteza muda na kwamba hesabu ni mateso yaliyoletwa na wazungu. Samahani. Mimi si shahidi wenu.

Hebu kwanza tuseme difrensho ni nini, kwa sababu nilikaa darasani muhula mzima bila kuambiwa. Mlinganyo wa kawaida hukuuliza kitu ni kiasi gani. Mlinganyo tofautishi hukuambia kitu kinabadilika kwa kasi gani, halafu hukuuliza kitafika wapi. Basi. Chai inayopoa kikombeni, deni linalozaa, ugonjwa unaopanda mlima.

Ugonjwa unaopanda mlima nimeutaja makusudi. Katikati ya mwaka wa 2002, baada ya mvua ndefu, malaria ililipuka Kisii na Gucha. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Malaria ya milimani ina ukatili wake: haikai mwaka mzima kama kule ziwani, kwa hivyo hata watu wazima hawana kinga ya kutosha. Ikija, inamlaza nyanya na mjukuu wadi moja.

Kwa nini huja ghafla hivyo? Jibu limo ndani ya hesabu. Mbu akimuuma mgonjwa leo, hawezi kukuambukiza kesho. Vimelea lazima kwanza vikomae ndani yake. Kwenye joto la digrii 25, vile vimelea hatari vya falciparum huhitaji siku 12 hivi. Kwenye digrii 20, huhitaji kama 28. Sasa chukulia kwamba kila siku mbu mmoja kati ya kumi hufa. Kati ya mbu 100, watakaofika siku ya 28 ni kama 5. Watakaofika siku ya 12 ni 28. Digrii tano tu, na mbu wenye uwezo wa kukuambukiza wameongezeka zaidi ya mara tano. Halafu ongeza mvua iliyojaza mashimo ya matofali kule bondeni.

Ronald Ross, daktari wa Uingereza aliyezaliwa India, alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1902 kwa kuonyesha jinsi mbu wanavyobeba malaria. Lakini watu walimwambia: sawa, na utawamaliza mbu wote vipi? Akajibu kwa milinganyo. Alionyesha kwamba si lazima mbu waishe. Wakipungua chini ya kiwango fulani, malaria yenyewe hufifia. Miaka ya 1950 George Macdonald akaiendeleza hesabu hiyo, akaonyesha kwamba kufupisha maisha ya mbu aliyekomaa kuna nguvu kuliko kupunguza idadi yao tu. Kwa hivyo wale wanaokuja kupuliza dawa kwenye kuta za nyumba yenu wanatekeleza difrensho, wajue wasijue.

Haya yote niliyajua baada ya kuacha chuo, kwenye simu, nikimwandikia mteja makala kuhusu vyandarua. Nilikasirika mpaka nikashindwa kuandika.

Maana darasani tulipewa nini? Fotokopi za fotokopi, zilizofifia mpaka huwezi kutofautisha jumlisha na toa. Tenganisha vigeu, intigreti pande zote, usisahau C. Mtu akisahau C, alama mbili zimeenda. Hakuna aliyetuambia C ni nini. C ni mahali unapoanzia: wagonjwa wangapi siku ya kwanza, deni kiasi gani kabla ya riba. Bila C hujui uko wapi. Sisi tuliiandika kwenye mwakenya, tukaificha kwenye soksi.

Najua utetezi. Madarasa yamefurika. Wahadhiri hugoma kwa sababu hawalipwi ipasavyo, na hapo niko upande wao. Lakini kumwambia mwanafunzi kwamba herufi hii ni mbu na ile ni mgonjwa hakuhitaji bajeti. Ni sentensi moja. Anayeinyima darasa sentensi hiyo muhula mzima asishangae wanafunzi wakiuliza itawasaidia wapi. Swali hilo yeye ndiye aliyelipanda.

Na ninyi mnaonipigia makofi, hebu fikirieni mnachosherehekea. Mtoto wa bondeni alipewa chombo cha kuelewa homa iliyomlaza nyanya yake, akakipokea kimefungwa, hakuonyeshwa pa kukifungulia, akakiacha. Mnamwita mjanja. Wakati huo watu wa mbali, wenye kompyuta nzuri, wanaihesabu milima yetu na kutuandikia ripoti, sisi tukisubiri kuambiwa.

Nilianguka. Sehemu ya kosa ni yangu: nilikariri nilipopaswa kuuliza. Nikikutana tena na yule kijana wa Keroka, nitamwomba tusimame kidogo pale juu ya mashimo ya matofali, nimwonyeshe maji yaliyotuama. Halafu nimuulize swali la kwanza ambalo ningepaswa kuulizwa darasani: mbu wangapi leo, na kwa kasi gani?

Nauli ya kusimama nitalipa.