Moteri ya okazio: tuiguse kwanza ikiwa baridi

Kila mara batu wakipata « décompte final » yao, kuna wale wanaowaza ku ziwa. Shamba inataka kungoja, duka inaliwa na madeni ya majirani, lakini boti inayobeba samaki na unga kati ya Moba na Kalemie, ao ile ya Kilwa juu ya Moero, inaweza kuingiza feza kila safari. Ni mawazo mazuri. Tabu inaanza siku ya kununua. Boti mpya ni watu wachache kwetu wanaoiweza, na ile ya okazio inakuja na moteri ya mazutu yenye miaka 20, 30, pengine zaidi.

Sisi tunasema miaka si neno. Ku carrière hakuna mutu anauliza benne imefanya kilometa ngapi. Wanauliza saa, kisha wanauliza nani aliichunga. Moteri iliyobadilishwa mafuta na filtri kwa wakati inaweza kutumika saa maelfu bila kufunguliwa. Ile iliyosimama miaka mitatu chini ya mti, hata kama saa zake ni kidogo, inaweza kuwa na kutu ndani ya silinda na maji ndani ya tanki. Tena moteri ya zamani, yenye pompe isiyo na mambo ya ordinateur, fundi wa Moba anaifungua na funguo zake mwenyewe. Ile ya kisasa ikikataa, inataka mashini ya kuisoma, na hiyo mashini iko mbali.

Kinachotushangaza ni baba aliyefanya miaka mingi ku atelier, anayejua vizuri kwamba kampuni inapeleka mafuta ya moteri ku labo ili kuona kama kuna chuma ndani. Akienda kununua ya kwake, anaangalia rangi! Kopo moja ya rangi ya kijani inafunika mambo mingi, babaa.

Basi, tuanze na mkono. Mbele ya mwenye kuuzisha kuiwasha, gusa moteri. Ikiwa na moto, ujue ameiwasha mbele ufike, na kuna sababu. Rudi kesho asubuhi, na usimwambie saa. Moteri ya mazutu haina buji ya kuwasha moto. Inawaka kwa sababu hewa inakandamizwa mpaka inakuwa na moto mukali. Pete za pistoni zikiisha, hewa inatoroka, na kuwaka asubuhi kunakuwa vita. Njo maana wengine wanapuliza eteri ku filtri ya hewa. Ukiona kile kichupa karibu, uliza.

Ikisha kuwaka, angalia moshi. Moshi mweupe kidogo kwa baridi ya mwezi wa sita, unaoisha kisha dakika moja ao mbili, si kitu. Ukiendelea hata moteri ikipata moto, ni mazutu isiyowaka ao ni maji inayoingia ku silinda. Moshi wa bluu ni mafuta inayoungua: pete ao vali. Moshi mweusi ni mazutu nyingi kuliko hewa. Pengine ni filtri chafu tu, pengine ni enjekteri, pengine helisi ni kubwa kuliko nguvu ya moteri. Toa na kifuniko cha mafuta: moshi ukipiga kwa nguvu pale, pete zimechoka. Mafuta kuwa nyeusi ni kawaida ya mazutu. Mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa, funga feza yako urudi nyumbani.

Lakini haya yote ni ya pale ufukoni. Moteri bila mzigo inasema uongo. Lazima itoke ku maji, na mzigo, ikazwe karibu nusu saa, na mutu mmoja akiangalia joto yake. Moteri nyingi zetu zilitoka ku lori. Radiateri yake ilizoea upepo wa barabara, na ndani ya boti hakuna ule upepo. Kama fundi hakutengeneza njia nzuri ya maji ya kuipoza, itapanda moto kwenye safari ya kwanza ya kweli. Na mwezi wa saba, upepo wa kusini ukipiga Tanganyika, boti yenye moteri iliyozimika inageukia mawimbi upande, na watu wako ndani.

Muuzaji akisema mazutu ya kujaribu hakuna, nunua wewe bidon moja. Akikataa hata hivyo, mama asikilize vizuri: hapo njo pahali pa kumushika bwana mukono. Akikubali, na moteri ikiwa na kasoro ndogo, hesabu bei ya enjekteri na ya kutengeneza pompe, uitoe ku bei yake. Kisha namba ya moteri iandikwe ku karatasi, na sahihi ya wote wawili, mbele ya shahidi.