Mikutano ya Hadhara Ilifungwa, Baraza la Madiwani Liko Wazi: Tunasubiri Nini?



Nina swali moja dogo. Nani aliamua kwamba meza za wamachinga Kariakoo ziondoke Oktoba 2021? Ukiuliza kijiweni utajibiwa "serikali". Sawa, serikali ipi? Kuna Ikulu, kuna Mkuu wa Mkoa, kuna Mkuu wa Wilaya, kuna Mkurugenzi wa Jiji, kuna Meya na madiwani wake. Kisheria, masoko, minada, barabara za mitaa, usafi na maeneo ya biashara ndogo ni kazi za halmashauri. Basi tujiulize tena: diwani wa kata yako alisema nini kikaoni kuhusu jambo hilo? Alipinga, aliunga mkono, au alisinzia?

Najua wengi wetu hatuna jibu. Hilo ndilo linalonifanya niandike leo.

Turudi nyuma kidogo. Machi 2020 korona ilipoingia, shule na vyuo vikafungwa. Mei mwanzoni takwimu za wagonjwa zikakoma tukiwa na wagonjwa 509 na vifo 21. Juni mosi vyuo na kidato cha sita wakarudi, Juni 29 shule zote zikafunguliwa, tukaambiwa maisha yaendelee. Hatukufungiwa ndani kama wenzetu wa nchi nyingine, lakini vyuma vilikaza vilevile. Watalii hawakuja, mizigo ikachelewa, wateja wakapungua, na kijana aliyepoteza kazi ya hoteli au ya ofisi akaingia mtaani na beseni la soksi. Kwa hiyo nchi ilipofunguka, barabara zilijaa watu waliokuwa wanajitafutia riziki. Hawakuwa wahalifu.

Mwaka 2021 mambo yakabadilika. Serikali ikakubali kwamba ugonjwa upo, Julai 28 Rais Samia akachanjwa hadharani, Septemba Shirika la Fedha la Kimataifa likaidhinisha mkopo wa dola milioni 567.25. Ndizo zile trilioni 1.3 za mpango wa UVIKO-19 uliozinduliwa Dodoma Oktoba 10. Mwezi uleule fedha za kujikwamua na ugonjwa zinazinduliwa, wamachinga wa Dar es Salaam walikuwa wanabomoa vibanda vyao kwa mikono yao ili kuwahi tarehe waliyopewa.

Sisemi wamachinga wabaki katikati ya barabara. Mama mwenye mtoto mgongoni naye ana haki ya kupita kwenye njia ya waenda kwa miguu. Mwenye duka anayelipa kodi ana haki ya mlango wake kuonekana. Na baada ya soko la Kariakoo kuungua Julai 10, hakuna mtu mzima atakayebisha kwamba gari la zimamoto linahitaji njia. Kupangwa ni lazima. Hoja yangu ni nani anapanga, anapangia wapi, na nani anamuuliza.

Agizo lilitoka juu, likashuka kwa wakuu wa mikoa, wakatangaza tarehe, wakaziongeza. Sauti tuliyoisikia redioni kila asubuhi ni ya Mkuu wa Mkoa, mtu ambaye hakupigiwa kura na yeyote. Sauti ya Meya ilikuwa ya kuitikia.

Sasa hebu fikiria jambo hilohilo lingepita njia yake ya kawaida. Lingeanza Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Pale mtu angesema: eneo hili mnalotupeleka halina choo, halina daladala, mteja atafikaje? Lingekwenda Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, wakaletewa ramani. Lingekwenda Kamati ya Fedha, wakaulizwa vizimba ni bei gani na nani anapewa kwanza. Mwisho baraza zima lingepiga kura, na muhtasari ungebaki. Kama kungekuwa na sheria ndogo ya kutungwa, wananchi wangetangaziwa rasimu yake ili wenye pingamizi waseme kabla haijapelekwa kwa Waziri. Ni njia ndefu, tena inachosha, lakini inaacha majina. Unajua nani alisema ndiyo na nani alisema hapana.

Tunao mfano wa kinachotokea mipango ikifanywa bila mwenye tatizo. Machinga Complex pale Ilala ilijengwa na Jiji kwa mkopo wa NSSF ili kumaliza tatizo hilihili. Jengo likasimama, deni likasimama, wafanyabiashara wengi wakalikwepa kwa sababu wateja hawapandi ghorofani kutafuta mkanda wa suruali. Machinga yeyote angewaambia hilo bure kabla ya tofali la kwanza.

Kuna watakaosema mabaraza yetu hayana meno. Ni kweli, na meno hayo yaling'olewa moja moja huku tukitazama. Kodi ya majengo ilikuwa chanzo cha uhakika cha halmashauri. Mwaka 2016 ukusanyaji ukahamishiwa TRA, na Agosti 2021 ukaanza kukatwa kwenye LUKU, wakati huo buku kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mkurugenzi ambaye ni katibu wa baraza anateuliwa na Rais, kwa hiyo anajua anayeweza kumtumbua, na si madiwani. Oktoba 2020 ukaja uchaguzi ule tunaoujua sote, na mabaraza karibu nchi nzima yakawa ya rangi moja. Februari 24, 2021 Jiji la Dar es Salaam lenyewe likavunjwa na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji.

Sababu iliyotolewa ni kwamba Jiji la zamani halikuwa na eneo wala wananchi wake, na madiwani walikuwa wanakula posho tu. Hoja ya posho ina ukweli wake, sitabisha kwa sababu tu imetoka upande wa pili. Lakini chombo kilichokuwa na kazi ya kuunganisha manispaa tano kilifutwa, halafu miezi minane baadaye tukaletewa zoezi la wamachinga linalogusa manispaa zote tano kwa wakati mmoja. Pengo hilo alilijaza Mkuu wa Mkoa. Halmashauri ikinyamaza, madaraka yake hayabaki hewani, yanaokotwa na mteuliwa.

Katiba yetu hii hii tunayotaka ibadilishwe, ibara ya 145 na 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Mimi naunga mkono dai la Katiba Mpya kwa asilimia mia. Lakini tukipata Katiba Mpya kesho huku hatujui hata kikao cha baraza kinakaa lini, tutakuwa tumenunua gari bila kujua kuendesha.

Sasa tuje kwenye kazi. Tangu mwaka 2016 hadi Januari 2023 mikutano ya hadhara ya siasa ilikuwa imepigwa marufuku. Tulipokusanyika kumi tu, polisi walifika. Lakini kuna mkutano mmoja ambao sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inauacha wazi kwa wananchi na waandishi wa habari: kikao cha baraza la madiwani, angalau mara moja kila miezi mitatu. Huhitaji kibali cha OCD. Unaingia, unakaa upande wa wageni, unafunga mdomo, unafungua daftari.

Nimeshakaa kwenye vikao hivyo, katika halmashauri ambayo jina lake naliacha. Nakwambia ukweli, si burudani. Wanafungua kikao, wanathibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, wanaingia kwenye yatokanayo, halafu taarifa za kamati moja baada ya nyingine, kabrasha nene kama biblia. Siku moja taarifa ya ujenzi wa madarasa ya fedha za UVIKO ilisomwa, ikaungwa mkono, ikapita kabla sijamaliza kuandika kichwa cha habari. Kwenye viti vya wananchi tulikuwa watatu, na mmoja alikuwa anasubiri kumwona ofisa ardhi. Nje kijiweni wakati huohuo vijana zaidi ya ishirini walikuwa wanabishana Simba na Yanga.

Madarasa yale si kitu kidogo. Mpango mzima ulikuwa madarasa 15,000, kila moja milioni 20, yajengwe kwa mafundi wa mitaani chini ya kamati za shule. Maana yake kila kata yenye darasa hilo ina hesabu inayoweza kukaguliwa na kijana yeyote aliyemaliza kidato cha nne: saruji mifuko mingapi, bati ngapi, fundi alilipwa kiasi gani, madawati yapo au hayapo. Wanafunzi walianza kuingia Januari 2022. Nenda kaangalie sakafu kwa macho yako. Huo ni mkopo, makamanda, na watakaoulipa ni sisi na watoto wetu.

Halafu kuna asilimia 10. Tangu 2018 sheria inailazimisha kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Fanya hesabu nyepesi. Halmashauri ikikusanya bilioni 50, vijana tunastahili bilioni 2 kwa mwaka. Bilioni 2! Je, halmashauri yako ilikusanya ngapi na ilitoa ngapi? CAG amekuwa akirudia kwenye ripoti zake kwamba zipo halmashauri ambazo hazitengi kiasi kamili, na mikopo mingine hairejeshwi. Yule machinga aliyevunjiwa meza Oktoba ndiye hasa aliyekusudiwa na fedha hizo. Badala yake alichokuwa nacho mfukoni ni kitambulisho alichokilipia shilingi 20,000, ambacho hakikumlinda siku ya kuondolewa.

Nimeshaulizwa: "Kamanda, baraza zima ni la CCM. Unatutuma tukawapigie makofi?" Swali ni halali. Jibu langu ni kwamba diwani akijua kuna vijana kumi wa kata yake wamekaa nyuma na daftari, hawezi kuongea kama akiwa peke yake. Hata wa CCM anaogopa wapiga kura wake, na wapo kati yao wanaochoka kupelekeshwa na wateule. Hawana tu wa kuwaunga mkono. Zaidi ya hapo, sisi tuliwahi kushika Jiji hili. Mwaka 2016 upinzani ulipata umeya wa Dar es Salaam, tukashangilia wiki nzima, kisha tukarudi kwenye siasa za kitaifa tukawaacha madiwani wetu wapambane peke yao. Walipoanza kuhama mmoja mmoja "kuunga mkono juhudi", na Januari 2020 Meya Isaya Mwita alipoondolewa kwa utaratibu ambao upande wetu uliupinga, mitaani palikuwa kimya. Watu hawawezi kulilia kiti ambacho hawakuwahi kuona kinawafanyia nini.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, yote hayahitaji ruhusa ya mtu.

Kwanza, kila tawi litafute tarehe ya kikao kijacho cha baraza. Bajeti hupita mabarazani kabla ya kwenda Bungeni. Wapangwe watu wawili au watatu wa kuhudhuria kwa zamu, na walichoandika kiwekwe kwenye makundi yetu ya WhatsApp siku hiyohiyo: nani alisema nini, kiasi gani kilipitishwa.

Pili, mkutano wa wakazi wa mtaa ukiitwa, twende. Usipoitwa, tumwandikie barua mwenyekiti wa mtaa tukitaja kwamba mapato na matumizi hayajasomwa. Barua ipokelewe, nakala igongwe muhuri. Barua yenye muhuri ni ushahidi, tweet inasahaulika kesho yake.

Tatu, tuunde vikundi na kuomba hiyo asilimia 4 kama haki yetu, wala si fadhila ya chama chochote. Tukinyimwa, tunyimwe kwa maandishi.

Kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 wagombea wetu walienguliwa kwa maelfu, tukasusa, na sitaki kuahidi kwamba uchaguzi ujao utakuwa mteremko. Lakini mgombea wa mtaa anayejua bajeti ya kata yake kwa tarakimu, anayejua choo cha soko kilitengewa fedha mwaka gani na zikaenda wapi, huyo hata akienguliwa watu watauliza kwa nini. Yule anayejua tu kukunja ngumi na kupiga picha, akienguliwa watu watasema pole, wafungue maduka yao.

Wamesema kazi iendelee. Sawa, na ya kwetu ianze. Daftari ni bei ndogo.

Tukutane barazani.