Aibu Isiyofundisha

Wako watu, na miongoni mwao wamo walimu, wasemao kwamba nyigu ni nyigu tu: ana mwiba, hujenga nyumba ya karatasi pembeni mwa paa, na haki yake ni mwenge wa mafuta ya taa. Wengine huongeza kwamba kuchungua viungo vya uzazi vya mdudu dume mbele ya vijana ni utovu wa adabu. Maneno hayo yote mawili ni adui wa elimu, nami nakusudia kuyapinga.

Tuanze na la kwanza. Tazama mapaa ya Kangemi, Kawangware na Westlands, au miti ya Chiromo iliyo karibu na katikati ya jiji la Nairobi. Nyumba ya nyigu wa karatasi hutengenezwa kwa nyuzi za mti zilizotafunwa na kuchanganywa na mate. Humo watoto wake hulishwa viwavi, ambao wengi wao ni walaji wa mboga zetu. Tena dume hana mwiba hata kidogo, kwa maana mwiba wa nyigu ni kiungo cha jike cha kutagia mayai kilichogeuka kuwa silaha. Vipapasio vya dume vina vipingili 13. Vya jike vina 12. Basi amwuaye dume kwa hofu ya mwiba amemhukumu kwa kosa asiloweza kulitenda.

La pili ni aibu. Rangi ni shahidi mwongo: nyigu wa aina moja huweza kutofautiana, na wa aina mbili huweza kufanana kama pacha. Lakini ncha ya tumbo la dume imeficha viungo vigumu mfano wa koleo, na umbo lake mara nyingi hubainisha aina pale rangi inaposhindwa. Mtaalamu humlainisha mdudu mkavu kwa unyevu, huvivuta viungo hivyo kwa sindano iliyopindwa, huviosha kwa dawa iyeyushayo nyama, kisha huvitazama kwa hadubini. Hiyo ni kazi ya subira na mkono usiotetemeka. Aibu iko wapi hapo?

Watauliza: faida yake nini? Jibu ni mbung'o. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1911 Robert Newstead wa Liverpool alizipanga aina za mbung'o kwa kuchungua viungo vya madume. Mbung'o wa kando ya maji si mbung'o wa mbugani. Afyekaye ufukwe ili amwondoe wa mbugani amefyeka bure. Laiti wataalamu wangaliona haya, tungalipigana na adui tusiyemjua.

Katika Makumbusho ya Nairobi, ambayo jengo lake lilifunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Coryndon, wadudu wamehifadhiwa kwa pini. Jina lililokosewa chini ya pini moja huweza kupotosha wasomaji wa miaka mingi.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Katika elimu hii, hata mwenye macho huhitaji kuonyeshwa pa kutazama. Mwalimu arukaye ukurasa kwa haya amewanyima wanafunzi wake haki yao. Nanyi vijana, ukirukwa ukurasa huo, inueni mikono mwuudai.