Bukirasazi: nani atakagua orodha ya wahitaji?

Baada ya uchaguzi wa Juni 2025, ramani ya Burundi tuliyoizoea si ile tena. Sheria ya Machi 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42. Bukirasazi, iliyokuwa tarafa ya Gitega, imemezwa na tarafa kubwa zaidi. Muyinga nayo si mkoa tena, imo ndani ya Buhumuza. Watu wamejadili sana viti na makao makuu. Mimi nauliza jambo dogo kuliko hilo: faili la mzee asiye na wa kumtazama limehamia wapi?

Kwetu mzee hutunzwa na mwanawe, mkwewe au jirani. Pensheni ni ya waliokuwa na ajira rasmi. Mkulima na mchuuzi hawamo. Mama anayevuka Kobero kwenda Kabanga kutafuta mali humwacha mzazi wake kwa jirani, na akirudi hulipa fadhila kwa unga au sabuni. Jirani akiugua, mpango wote umekwisha.

Hapo ndipo serikali ilitakiwa kuingia. Sheria hazikosekani. Ipo ya Januari 2018 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, na ipo kanuni ya hifadhi ya jamii ya Mei 2020. Kwenye tarafa kuliwekwa vituo vya maendeleo ya familia na jamii, maarufu kama CDFC, chini ya wizara ya mshikamano wa kitaifa. Lakini msaada wenyewe, uwe wa chakula, mabati au matibabu, hupitia orodha ya wahitaji inayoanzia kilimani, kwa wakuu wa kilima na nyumba kumi. Asiyeandikwa huko, huku juu hajulikani.

Na nani hukosa kuandikwa? Aghalabu ni yule aliyefika jana. Chukua mfano wa aliyekimbia mwaka 1972 akiwa kijana wa miaka 20. Zaidi ya watu 50,000 wa kundi hilo walirejea kutoka makazi ya zamani ya Tanzania mwaka 2008 na 2009. Kijana yule leo amepita miaka 70. Wengine walitoka Mtabila mwaka 2012, na wengine Mtendeli kabla haijafungwa mwaka 2021. Anayerejea hupewa posho na chakula cha miezi mitatu. Mwezi wa nne anakuwa mwananchi kama wengine, ila hana shamba lisilo na mgogoro, na wanaoandika orodha hawamjui.

Hata mradi wa Merankabandi, uliopitishwa mwaka 2016 kwa dola milioni 40 za Benki ya Dunia, haukumlenga yeye. Awamu ya kwanza ilikuwa Gitega, Karusi, Kirundo na Ruyigi; Muyinga haikuwamo. Fedha zilikwenda kwa kaya maskini zenye watoto wadogo, na mama ndiye aliyezipokea. Siulaumu, kwa kuwa njaa ya mtoto haisubiri. Lakini bibi anayeishi peke yake alibaki nje ya mlango kwa sababu tu hana mtoto ndani.

Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 2022, tume ya ubora wa huduma ilianza kukagua namna halmashauri zote 153 zinavyowatunza watu wazima wenye uhitaji. Wakaguzi hufuatilia mafaili ya watu, huongea na wenyewe na ndugu wanaowalea, kisha hutoa daraja moja kati ya manne na kuichapisha. Najua mtu atacheka: wao wana fedha! Ni kweli, na hata wao wapo waliopewa daraja la chini. Ninachokitamani kwao ni kitu kisichohitaji utajiri. Mkaguzi anamwuliza anayehudumiwa, na jibu linasomwa hadharani.

Zanzibar walichukua njia nyingine. Tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 na zaidi hulipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, zikapandishwa hadi 50,000 mwaka 2023. Hakuna wa kuamua nani ni maskini. Umri ndio unaoamua. Binafsi naipendelea njia hii, maana inamnyang'anya mkuu wa kilima kalamu. Ugumu wake kwetu ni bajeti, na pia vyeti. Aliyezeekea kambini atathibitishaje mwaka aliozaliwa?

Kwa hiyo tuanze na orodha. Tarafa mpya zinapopokea makabrasha ya zile za zamani, majina yasomwe kwenye mkutano wa kilima, mbele ya wazee wenyewe, kila mtu asikie nani yumo na nani hayumo. Waliofariki waondolewe. Waliorejea wapewe siku ya kuandikishwa, na ushahidi wa majirani wawili ukubalike pale cheti kisipopatikana. Kisha mtu asiyetoka kwenye kilima hicho aende nyumba kwa nyumba kuhakiki.

Mfanyabiashara asiseme hayamhusu. Ushuru anaolipa sokoni unaingia mfuko wa tarafa. Tena kuanzia mwaka wa bajeti 2018/2019 serikali kuu iliipa kila tarafa faranga milioni 500 kwa miradi ya maendeleo. Yalijengwa madarasa na ofisi. Sasa anayelipa ushuru aulize kwenye baraza la tarafa: mwaka huu ni wazee wangapi wametembelewa nyumbani kwao, na aliyewatembelea ni nani?