Injini Mbovu: Ifufuliwe au Itupwe?



Lori likizimika mlimani kila mara, hulaumiwa dereva. Je, injini ya dizeli ya namna hiyo yafaa kutengenezwa upya? Sisi wa karakana za reli twasema: ipimwe kwanza.

Dizeli haiwashwi kwa cheche, bali kwa joto la hewa iliyobanwa. Tazameni chujio, pampu na noseli. Huenda ni uchafu wa mafuta tu. Ringi na silinda zikilika, hewa huvuja na nguvu hupungua, hizo hubadilishwa. Lakini bloku ikipasuka, au krankshafti ikiwa imekwisha kuchongwa hadi kipimo cha mwisho, msitie fedha humo.

Basi tudai fundi aandike vipimo, na dereva aonyeshwe. Chuma huchakaa, mshahara wa mtu usikatwe kwa ajili hiyo.